Maji ya Kijiko

Jirani yetu Cibalonza anaapa: kule Sange, muganga wa dispansere alinywesha mutoto wa kuhara maji ya sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, na jioni mutoto akaomba ugali. Eti waganga wakubwa walipima, wakaona maji hiyo inashinda hata sindano.

Mama mukwe wangu akacheka. "Paa ikivuja, unaiongezea mvua?"

Kwetu mutoto anayehara ananyimwa maji mupaka tumbo ikauke. Lakini wangu alikuwa amekauka yeye mwenyewe. Nilifinya ngozi ya tumbo yake, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Tangu asubui alikuwa analia bila chozi.

Nikachanganya vile Cibalonza alinifundisha. Kijiko kimoja, nikangoja. Cha pili, nikangoja. Kwenye cha kumi na tano mama mukwe akaingia, akaninyang'anya kikombe.

"Unamuua mujukuu wangu!"

Mutoto akaona kikombe inaenda, akalia. Chozi moja likatoka, likateremuka polepole mupaka kwenye sikio.

"Maman, angalia! Iko na machozi!"

Akainama, akaligusa kwa kidole.

"Maman," nikasema, "unirudishie kikombe."