Mvua ya Paa Letu

Ndugu wananchi, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo asubuhi mvua imenyesha. Imenyesha juu ya paa letu peke yake, kutoka kwenye ndoo.

Mama yangu, Bi Nasemba, ni mtabiri wa hali ya hewa wa serikali. Kisheria, kila mtabiri huwekewa kipima mvua juu ya nyumba yake, nacho hupeleka taarifa wizarani chenyewe. Akikosea mara tatu, kazi hana. Mama alishakosea mara mbili. Utabiri wake wa mvua ya Jumanne ulipotimia, aliimba huku akikaanga maandazi.

Leo alitabiri mvua, lakini jua liliwaka. Basi mimi, niliyevuliwa ukiranja kwa kugonga kengele ya chakula alfajiri, nikapanda paani na ndoo.

"Hoza! Teremka!" Mama alikuwa chini, kitenge kimelowa, anacheka. "Uvunjike shingo kwa ajili ya kazi yangu, mwanangu?"

"Nisamehe, mama."

Akaacha kucheka, akatazama mbingu isiyo na wingu. "Na ile ya Jumanne?"

Nikaiweka ndoo chini.

"Ni mimi, mama. Zote ni mimi, tangu tufunge shule."