Kikaratasi cha Mlangoni

Hidaya alikuwa amebandika vikaratasi nyumba nzima kwa gundi ya unga wa ngano, kila kitenzi cha Kiingereza na kineno kinachokifuata. Redioni aliandika "listen to". Mlangoni aliandika "wait for", yaani kungoja, kwa wino mwekundu, maana hicho kila siku alikikosea. Mumewe alikuwa amemwambia kwa simu kutoka ughaibuni kwamba akifaulu mtihani wa Kiingereza, atamchukua.

Asubuhi hiyo wifi yake, Mwanakombo, aliingia akasimama tu.

"Wifi, acha kujisumbua. Kaka ameoa huko. Wana mtoto, sasa anatembea."

"Mmejua lini?"

"Zamani. Mama alitukataza kukwambia." Mwanakombo aliinamisha uso. "Ungeondoka, nani angemwogesha?"

Hidaya aliuendea mlango, akakikwangua kile kikaratasi kwa kucha. Kilibanduka pamoja na rangi.

Kutoka chumbani, mama mkwe aliita kwa upole, kama kila siku, "Mwanangu, maji yangu tayari?"

Hidaya alikuwa ameshavuka kizingiti. Mlango ulikuwa wazi, na jikoni maji ya kuoga yalikuwa yakichemka, yakimwagikia makaa.