Unyevu Chini ya Sakafu

Tangu wahamie nyumba hiyo, Zaina alikuwa akilalamika kwamba sakafu ya mbao inanuka ukungu na kifua kinambana. Mumewe, Sengondo, kila mara alijibu, "Nitaangalia," kisha akapaka ukuta rangi mpya. Juzi Zaina alihamia kwa dada yake, akikohoa njia nzima.

Leo asubuhi Sengondo alijipenyeza kwa tumbo chini ya nyumba, kwenye nafasi finyu kati ya sakafu na ardhi. Udongo ulikuwa tope tupu. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa mawe, na aliyeyapanga mawe hayo ni yeye mwenyewe, kuzuia paka. Akayang'oa moja moja. Upepo ukaingia.

Mara akasikia nyayo za mkewe juu yake.

"Zaina! Nimezibua. Sasa patakauka."

"Nimefuata nguo zangu," Zaina akajibu. Akakohoa. "Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu?"

 Sengondo akabaki amelala topeni, akisikiliza mbao zikilia kutoka chumbani hadi mlangoni. Hapo nyayo zikasimama.