Nyongeza ya Kabati

Siku hizi kabati la jikoni ndilo linaloagiza chakula cha nyumba, sisi tunapika tu. Mume wangu, Mbaruku, hakulizoea. Kila asubuhi alitoroka kwenda gengeni kwa Bi Tatu, wakabishana bei weee, akarudi na nyanya nne na moja ya nyongeza, kazificha kwenye koti. Nami nikajifanya sioni.

Jana kabati lilipofunguka, ndani mlikuwa na nyanya nne, na moja pembeni.

“Hiyo nyongeza yako, baba, usimwambie mtu,” likasema, kwa sauti ya Bi Tatu kabisa.

Mbaruku alicheka hadi machozi.

Leo hajatoka. Mimi mwenyewe nimemsogezea viatu vyake. Akanitazama kwa upole.

“Niende wapi, bibie?”