Ngiri Anayeaga Mlangoni

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, Ngiri hakuwa na pa kulala. Kuchimba hakujua, na Chui alikuwa ameshaijua njia yake. Akamwomba Muhanga, fundi wa mashimo, amhifadhi siku moja tu.

Siku ya tano Muhanga alirudi akakuta makalio ya Ngiri yamejaa mlangoni, yakijisukuma ndani. Akayapiga teke la haja.

"Shemeji, unaingia kama kwako?"

Ngiri akajifunza. Kesho yake aliingia kinyumenyume, uso nje. Muhanga alipotokea tu, akamwahi: "Ndiyo natoka, shemeji. Nilikuwa nakusubiri nikuage."

Sasa, mgeni anayeaga hafukuzwi, hubembelezwa. Muhanga, aliyelelewa vizuri mno, akajikuta anasema, "Mbona mapema? Kaa ule hata mchwa wawili."

"Basi kidogo tu," akasema Ngiri.

Ikawa hivyo kila siku, hata Muhanga akapata akili. "Leo sikuzuii, shemeji. Twende nikusindikize." Akamsindikiza hadi mtoni, moyoni akicheka.

"Umenitendea wema," Ngiri akasema. "Siwezi kukuacha urudi peke yako. Na mimi nikusindikize."

Walipofika shimoni, Ngiri akatangulia kuingia, makalio kwanza. "Haya shemeji, mimi naaga."

Muhanga akamtazama, akashusha pumzi, akaenda kuchimba shimo jingine. Mpaka leo hajaacha kuchimba. Na Ngiri mpaka leo huingia kinyumenyume, uso mlangoni, tayari kuaga.