Mumiani Namba Kumi na Tisa

Subimal na yule mama wa sari nyeupe walikuwa wamekishika kitabu kimoja, Subimal kwa juu, mama kwa chini, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

"Mtakipasua," alisema Haripada, mwenye kibanda. "Kirudisheni mezani. Mikono nyuma."

Wakatii. Kilikuwa *Mumiani wa Shalikdanga*, namba kumi na tisa. Mtaa mzima wa vitabu vikuukuu pale Kolkata ulijua kwamba mfululizo huo una vitabu arobaini na kimoja, vya karatasi mbovu na wino unaochafua vidole, na kwamba namba kumi na tisa haipatikani. Subimal, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa na arobaini. Hiki kimoja alikuwa amekisaka miaka ishirini na miwili.

"Mama, wewe unavyo vingapi?" aliuliza.

"Sina hata kimoja."

"Basi anza na namba moja kama watu wengine."

"Nataka hiki. Na nakitaka kabla ya Alhamisi. Nyumbani kutakuwa na wageni."

"Wageni watakuja kusoma habari za mumiani?"

"Watamwangalia tu."

Subimal alimgeukia Haripada. "Unasikia? Wa kuangalia picha huyo. Mimi hata filamu yake nimeiona mara thelathini, ile ambayo kamba za popo zinaonekana. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaiweka kwangu, wazee sita, na popo akipita tunampigia makofi."

"Filamu sikuipenda," alisema mama. "Yule siye."

"Siye nani?"

"Siye mumiani. Mabega yale ni ya mtu mwingine."

Haripada aliinua nyusi. Hayo hayakuwa maneno ya mgeni wa mambo haya.

Haripada alikuwa na sheria yake. Zamani alimuuzia bwana mmoja namba sita, na wiki iliyofuata akaikuta imewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Tangu hapo, kitabu adimu alimpa yule tu aliyejibu vizuri maswali yake matatu.

"La kwanza," alisema. "Mumiani alimng'ata nani kabla ya wote?"

"Karani wa kodi ya ardhi," Subimal alijibu papo hapo. "Namba moja, ukurasa wa nane. Alimng'ata sikio."

Mama alifikiri. "Hajamng'ata mtu."

"Mama, watu mia mbili na kumi na wawili. Nimewahesabu."

"Si tabia yake."

Haripada alikohoa. "La pili. Anaogopa nini?"

"Moshi wa bizari ya manjano iliyounguzwa," alisema Subimal, akishikilia mkanda wa suruali kama yuko mbele ya darasa.

"Mende," alisema mama.

Subimal alicheka hadi akalazimika kuvua miwani. "Mende. Mumiani anayekula vichwa vya mapolisi."

"Akiona mende anapanda juu ya kitanda."

"Kitanda gani? Analala ndani ya kisima, mama yangu."

Mama alikuwa akikitazama kitabu pale mezani, ndani ya mfuko wake wa plastiki, kimelazwa kifudifudi, akiunyoosha mkunjo wa mfuko kwa kidole kimoja. Haripada aliona, akamwonea huruma, lakini sheria ni sheria.

"La tatu. Nina miaka naliuliza na hakuna aliyewahi kulijua. Kwenye majalada mengine yote, mkono wa kushoto wa Mumiani umefichwa ndani ya joho. Kwa nini?"

Subimal alipitisha majalada arobaini kichwani, moja baada ya jingine. "Mchoraji alikuwa hajui kuchora mikono," alisema hatimaye.

"Kidole cha mwisho hakipo," alisema mama. "Kilikatwa. Alifungwa bandeji mwezi mzima, akilalamika kama mtoto."

"Bandeji? Hiyo iko namba ngapi?"

"Haikuandikwa."

Haripada alikichukua kitabu taratibu, akakigeuza. Jalada hili peke yake lilimwonyesha Mumiani akitazama mbele, meno nje, damu ikimchuruzika kidevuni, mikono yote miwili juu. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

"Ni huyo," alisema mama. "Kwingine kote amegeuka, au yuko gizani. Hapa anacheka."

"Anataka kuuma," alisema Subimal.

Haripada akamkabidhi mama kitabu.

Subimal aliwafuata hadi kwenye kona, kitabu na mama. "Mama, nakuomba. Niruhusu nije nikione tu, nusu saa. Wewe unajua mambo ambayo sisi hatujawahi hata kuyaota."

Mama alimtazama kwa upole. "Njoo Alhamisi, saa nne asubuhi. Atafurahi."

Alhamisi Subimal alivaa shati lililopigwa pasi, akachukua daftari na lenzi ya kukuzia. Mlangoni kwa mama alikuta jozi ishirini na zaidi za viatu, akaona wivu. Yeye alikuwa na wazee sita. Mama alikuwa na chama kizima. Alivua vyake akaingia.

Wote walikuwa wamekaa sakafuni, kimya. Kuhani alikuwa akisoma sala. Juu ya kigoda, katikati ya ubani na taa, ndani ya fremu mpya ya kioo, Mumiani alikuwa amevishwa koja la maua meupe, na mbele ya meno yake pameandaliwa sahani ya wali na samaki.

"Keti, mwanangu," mama alimnong'oneza. "Miaka thelathini na minane ya ndoa, na hiyo ndiyo picha pekee ambayo marehemu alikubali kukaa achorwe."