Ndevu za Shayiri

"Hivi viwili ni kitu kimoja," alisema Rabi Gurvitz, mkuu wa shule, akavirudisha vibao mezani bila hata kuvitupia jicho.

Ilana alihisi machozi yakimlenga. Ilikuwa mara ya nne kukataliwa. Kibao kimoja alikichonga suke la ngano, cha chumba cha kulia; kingine suke la shayiri, cha maabara. Milango mikuu ya shule ilikuwa saba, naye aliipa mazao saba ya Nchi Takatifu ambayo kila mtoto pale aliyaimba tangu chekechea. Aliyachonga yatokeze kwenye mbao, yasomeke kwa vidole.

"Rabi, ngano na shayiri nani asiyezitofautisha?"

"Kwa macho, kila mtu. Tehila atatumia macho?"

Alisema hivyo uso wake ukiwa umeelekea dirishani. Ilana alimchukia. Tehila alikuwa mwana wa pekee wa Ilana, ana miaka tisa, na huu ulikuwa mwaka wa pili tangu homa impofushe.

Rabi alisukuma bahasha mbele yake. "Imetoka kwa bodi. Isome, kwa sauti."

Hata kuniambia mwenyewe ameona taabu, aliwaza Ilana. Akasoma. Alhamisi asubuhi, mbele ya bodi, Tehila angetembea peke yake kutoka langoni hadi milango yote saba. Akikosea mmoja tu, mwaka ujao angepelekwa bweni la wasioona, kule Cape, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Johannesburg. Chini kabisa mwenyekiti, Bwana Rudnik, alikuwa ameongeza: "Shule si hospitali. Asiyeweza kujiongoza humu ndani, awe nani, hana nafasi humu."



"Awe nani," alirudia Rabi. "Ndivyo alivyoandika?"

"Ndivyo."

"Basi itie shayiri ndevu, ndefu kabisa. Na vibao vyote vikae mwimo wa kulia, chini ya mezuza. Mtu akigusa mezuza akishusha mkono, akikute kibao hapohapo. Usimtafutishe."

Walitoka pamoja. Mezuza, vile vikasha vyenye andiko takatifu, zilikuwa kwenye kila mlango, kila moja zawadi ya familia yake: hii ya mzeituni, hii ya shaba, hii ya udongo. Wengine walizigusa wakipita, wakabusu vidole, wakaenda zao. Rabi aliipapasa kila moja kutoka juu hadi chini ndipo akabusu.

"Rabi, utaimaliza hiyo shaba," alimtania mwalimu mmoja.

"Nitakuachia wewe uing'arishe."

Ana muda wa kupapasa shaba, aliwaza Ilana, ila mwanangu anamwona mzigo. Jioni alimwambia Tehila hivyo hivyo.

"Si kweli, Mama," alisema mtoto. "Kila mapumziko mimi na yeye tunatembea pamoja."

"Mnatembea mnaenda wapi?"

"Popote. Ni siri yetu."

Jumatano Ilana alishinda karakanani. Alichonga shayiri upya, kila punje na unywele wake mrefu mkali, mpaka vidole vikachubuka. Akafumba macho, akapapasa. Sasa ilikuwa shayiri.

Alhamisi alifika mapema kupigilia vibao. Kwenye mlango wa kwanza aliinua macho. Mezuza haikuwepo. Ya pili haikuwepo, wala ya tatu. Palibaki matundu ya skrubu tu. Ulikuwa mwezi wa Eluli, na mwandishi wa maandiko alikuwa amezifungua zote jana, vikasha na vyote, akazikague kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi.

Alivipigilia vibao chini ya matundu hayo, akakimbia hadi langoni, alipokuwa amesimama Rabi.

"Rabi, mezuza zimechukuliwa."

Rangi ilimtoka usoni. "Mwandishi alisema anakuja kesho. Zote?"

"Zote."

"Hata ya ofisini kwangu?"

Siku kama hii, aliwaza Ilana, na yeye anaulizia ofisi yake.

Wajumbe wa bodi walijipanga kwenye korido. Tehila aliingia peke yake, akauendea mlango wa kwanza, akainua mkono. Ukagusa mbao tupu. Alisimama. Aliupandisha tena, akaushusha, akaupandisha. Bwana Rudnik alitazama saa. Ilana aliuma midomo asimwelekeze, maana msaada wowote ulikatazwa. Nyuma yao, Rabi Gurvitz alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayengoja hukumu yake mwenyewe.

Mkono wa Tehila ukashuka tena, taratibu, ukaenda chini zaidi.

"Tini," alisema. "Darasa la nne."

Halafu komamanga, maktaba. Zeituni, ukumbi wa sala. Zabibu. Ngano. Kwenye mlango wa sita vidole vilisita, vikapanda, vikakutana na ndevu, naye akacheka. "Shayiri." Mlango wa mwisho, tende, aliutaja kwa mguso mmoja.

"Basi, anabaki," alisema Bwana Rudnik, akampa Ilana mkono. Wakaingia chumba cha kulia, kulikoandaliwa biskuti za kicheli na samaki wa heringi, na mtu akafunga mlango.

Ilana hakukaa. Alikumbuka yote aliyomwazia yule mzee, akaona aibu, akatoka kumtafuta amshukuru.

Korido ilikuwa tupu. Rabi alikuwa mbele ya mlango wa maabara, amempa mgongo. Mkono wake ulikuwa juu ya mwimo, vidole vikipita na kurudi juu ya matundu ya skrubu. Kisha ukashuka kwenye kibao.

"Ngano?" alinong'ona.

"Shayiri, Rabi," alijibu Tehila, aliyesimama ubavuni pake. "Gusa ndevu. Ofisi yako ni mlango unaofuata. Nishike bega, twende kabla hawajatoka."